Mwongozo wa tarehe pungufu: onyesha kile programu ilichojaza

Swali

Ninatunza maktaba ndogo ya programu, yaani msimbo ambao waandishi wengine wa programu huutumia, inayosoma na kupanga tarehe. Watumiaji wetu huleta data yenye tarehe pungufu: mwaka peke yake, mwaka na mwezi bila siku, wakati mwingine siku na mwezi bila mwaka. Mwongozo una ukurasa unaoorodhesha vigezo vyote (mipangilio ambayo mtumiaji anaweza kuichagua), na mfano wake wa kwanza unaonyesha "2019-03" ikigeuka 2019-03-01. Bado maswali yanarudi yale yale, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba wengine wanapata majibu yenye makosa bila kujua. Niandike nini, na mifano iweje?

Jibu

Ndugu msomaji, nianze na hicho kinachokuumiza. Swali linalorudi kila mara linachosha, ila halimdhuru mtu. Kosa lisiloonekana ndilo linalodhuru, maana linaingia kwenye umri wa mgonjwa, kwenye hesabu ya siku na kwenye ripoti, na hakuna anayelitafuta.

Tazama tena mfano wenu wa kwanza. Kwa upande wa programu hauna kosa, kwa kuwa ndivyo fankisheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi hiyo, inavyofanya. Lakini tokeo lake, 2019-03-01, halina tofauti yoyote na tarehe ya mtu aliyejua kwa hakika kwamba tukio lilitokea siku ya kwanza ya Machi. Ingizo lilikuwa na mambo mawili, mwaka na mwezi. Tokeo lina matatu. La tatu limetungwa na programu, na mwongozo haukusema. Msomaji akinakili mstari huo, na mfano wa kwanza ndio watu wengi wanaounakili, ameshabeba siku ambayo hakuna aliyeishuhudia.

Kwa hiyo badiliko la kwanza ninalokuomba ufanye ni hili: mfano wowote ambamo programu imejaza kitu uonyeshe pembeni yake kilichojazwa. Inatosha safu moja ya ziada:

```
ingizo         tokeo         kilichojazwa
2019-03-17     2019-03-17    hakuna
2019-03        2019-03-01    siku
2019           2019-01-01    mwezi na siku
--03-17        tupu          mwaka haujazwi kamwe
haijulikani    tupu          maandishi hayasomeki
```

Jedwali hilo likae juu kabisa ya ukurasa, kabla ya orodha ya vigezo. Na kama maktaba yenu haina njia ya kurudisha safu hiyo ya tatu, basi tatizo limevuka mwongozo na kufika kwenye programu yenyewe. Iongezeni. Wanaoandaa data za majaribio ya dawa kwa viwango vya CDISC wana desturi hiyo tayari: tarehe ya uchambuzi iliyojazwa huambatana na alama, D kama siku pekee ndiyo iliyojazwa, M kama ni mwezi na siku, Y kama ni tarehe nzima. Anayesoma data baadaye anaona papo hapo kipi kilitoka kwa mgonjwa na kipi kilitoka kwenye kanuni.

Kumbuka pia kwamba msomaji wako anatoka kwenye zana nyingine, na kila zana imemzoesha jambo lake. Chukua maandishi "2019" tu. Katika Python, strptime, fankisheni ya kusoma tarehe, yenye muundo wa %Y (mwaka tu) inarudisha 1 Januari 2019. Maktaba ya dateutil, katika Python hiyo hiyo, inajaza mwezi na siku ya leo: ukiendesha programu tarehe 14 Agosti unapata 14 Agosti 2019, na ukiiendesha kesho yake unapata 15 Agosti 2019, ilhali data ni ile ile. Katika R, as.Date("2019", "%Y") nayo inachukua mwezi na siku ya leo, lakini as.Date("2019-03", "%Y-%m") inarudisha NA, yaani hakuna jibu. Ukiiambia PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, to_date('2019', 'YYYY') inakupa 1 Januari. JavaScript ukiipa "2019-03" inaichukulia kuwa saa sita usiku ya kuamkia 1 Machi kwa saa za UTC (saa za dunia), hivyo mtu aliyeko New York akiionyesha kwa saa za kwake anaona 28 Februari, saa 1 usiku. Hata mwezi alioujua umempotea.

Tabia hizi si siri. Ile ya R, kwa mfano, imeelezwa kwenye ukurasa wa msaada wa strptime, ndani ya sentensi iliyozungukwa na mambo mengine mengi. Anayeitafuta ataipata. Ila asiyejua kwamba kuna jambo la kutafuta hataisoma, na huyo ndiye unayemwandikia. Ndiyo maana nasisitiza jedwali la juu: linamfikia hata mtu ambaye hakuja na swali.

Sasa, baada ya jedwali, ukurasa uendelee vipi? Wengi hupanga maelezo kwa kufuata vigezo: kigezo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mpangilio huo unamfaa aliyeandika programu. Msomaji ana swali tofauti: ana tarehe pungufu mkononi na anataka kujua aifanye nini. Majibu yanayowezekana ni matatu tu. Anaweza kuiacha ilivyo. Anaweza kuigeuza kipindi chenye mwanzo na mwisho. Au anaweza kuijaza. Panga ukurasa kwa njia hizo tatu, na kwa utaratibu huo huo, ili kujaza kuje mwisho.

Kuiacha ilivyo ni njia ambayo miongozo mingi haiitaji kabisa, kana kwamba tarehe pungufu ni uchafu wa kusafishwa. Viwango vikubwa havioni hivyo. ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, inaukubali mwaka peke yake, na mwaka pamoja na mwezi. FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya, inaruhusu tarehe ya kuzaliwa iandikwe 1987 au 1987-06, na inachukulia hivyo kuwa tarehe halali. Java ina aina za Year, YearMonth na MonthDay, kila moja ikibeba kile tu kinachojulikana. Ukurasa wako useme waziwazi: kama unahifadhi tu, au unaonyesha tu, usijaze chochote. Kisha onyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa maktaba yenu. Mfano huu uwe ndio wa kwanza wenye msimbo, kwa sababu nilizokwisha kueleza kuhusu kunakili.

Njia ya kipindi ndiyo inayostahili nafasi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoandikwa kidogo kuliko zote. "2019-03" ni sawa na kusema: hakuna siku kabla ya 1 Machi na hakuna siku baada ya 31 Machi. Ukiwa na mipaka hiyo miwili unaweza kufanya hesabu za kweli. Tuseme ugonjwa ulianza "2019-03" na ukaisha 2019-04-10. Ulichukua siku ngapi? Kutoka 1 Machi ni siku 40, kutoka 31 Machi ni siku 10. Jibu la kweli ni kati ya siku 10 na 40. Ukijaza siku ya kwanza unapata 40, ukijaza tarehe 15 unapata 26, na kila namba kati ya hizo inaonekana safi kabisa kwenye jedwali. Weka mfano huu, au unaofanana nao, kwenye mwongozo wenu, majibu yote matatu yakiwa yamepangwa pamoja. Hakuna aya ya maonyo itakayomfundisha msomaji kama mistari hiyo mitatu.

Ulinganisho nao uonyeshwe. Je, "2019-03" iko kabla ya 2019-03-20? Haijulikani. Iko kabla ya 2019-05-02? Ndiyo. Iko baada ya 2019-06-01? Hapana. Majibu ni matatu, na programu yenye majibu mawili tu italazimika kudanganya katika moja ya hali hizo. Eleza maktaba yenu inarudisha nini pale jibu lisipojulikana, na uonyeshe kwa kuchuja safu nzima ya tarehe, maana hapo ndipo mistari hupotea bila mtu kugundua: mtumiaji anachuja "kabla ya 20 Machi", mistari yenye mwezi tu inatoka kimya kimya, na jumla inapungua.

Sasa kujaza. Sikatai kwamba kuna wakati lazima mtu ajaze. Hesabu nyingine hazikubali kitu kingine. Lakini kanuni ya kujaza hutegemea kinachopimwa, na mwongozo uoneshe hilo kwa mfano ambao kanuni rahisi inaharibu jibu. Mgonjwa alianza dawa 2019-03-12. Madhara yameandikwa yalianza "2019-03". Ukijaza siku ya kwanza, madhara yanaonekana yalitangulia dawa, na mchambuzi anayaondoa kwenye hesabu ya usalama wa dawa. Ukijaza siku ya mwisho, yanabaki kwenye hesabu lakini muda wake unafupishwa. Wachambuzi wengi wa majaribio ya dawa huweka mpaka: ikiwa mwezi ni ule ule, tarehe iliyojazwa isitangulie siku ya kuanza dawa. Kifurushi cha admiral cha R kina kigezo cha kazi hiyo, min_dates, na mwongozo wake unaongeza sharti la maana sana: tarehe ya mpaka inatumika pale tu inapoangukia ndani ya kipindi ambacho tarehe pungufu inakiruhusu. Bila sharti hilo, mtu mwenye "2019-01" angesogezwa hadi Machi, yaani kanuni ingefuta hata mwezi uliojulikana. Fankisheni yake ya tarehe, derive_vars_dt, haijazi chochote mpaka uiambie ijaze. Huo ni uamuzi ninaoupenda, na ukiweza kuufanya kwenye maktaba yenu utapunguza nusu ya kazi ya mwongozo.

Kuna maneno ambayo ukiyaacha bila kuyafafanua kila msomaji atayajaza mwenyewe. "Katikati ya mwaka" ni mojawapo. Katika mwaka wa siku 365, siku ya katikati ni ya 183, yaani 2 Julai. Wapo wanaomaanisha 30 Juni, wapo wanaomaanisha 1 Julai. "Siku ya mwisho" nayo: ya mwezi upi, na Februari ya mwaka mrefu inahesabiwaje? Andika kwa sentensi zenye "ikiwa" na "basi": ikiwa siku haipo, basi inajazwa siku ya mwisho halisi ya mwezi huo, hivyo 2020-02 inakuwa 2020-02-29 na 2019-02 inakuwa 2019-02-28.

Jambo jingine ambalo ukurasa mzuri hulitenganisha ni sababu ya upungufu. Siku inaweza kukosekana kwa kuwa hakuna aliyeikumbuka. Inaweza kukosekana kwa kuwa haina maana, kama katika ripoti ya mwezi, ambapo "2019-03" ni mwezi mzima na hakuna siku iliyopotea. Inaweza pia kuwa imefichwa kwa makusudi: nchini Marekani, njia mojawapo ya kuondoa utambulisho chini ya sheria ya HIPAA, inayolinda faragha ya taarifa za afya, inataka tarehe zinazomhusu mgonjwa zibaki na mwaka tu. Anayejaza 1 Januari kwenye data ya aina hiyo na kuhesabu siku kati ya matukio anapima kitu kilichoondolewa ili kisipimwe. Maandishi ni yale yale katika hali zote tatu, kwa hiyo programu haiwezi kuzitofautisha. Msomaji anaweza, akikumbushwa. Sentensi mbili zinatosha hapa.

Kuhusu maumbo ya maandishi, taja mnayoyakubali na mnayoyakataa, na sababu. "201203" ni mfano mzuri wa kukataa: inaweza kusomwa Machi 2012, au 3 Desemba 2020 kwa mwaka wa tarakimu mbili. ISO 8601 hairuhusu mwaka na mwezi kuandikwa bila kistari kwa sababu ya mkanganyiko huo. Tarehe isiyo na mwaka, kama --03-17, iliondolewa kwenye ISO 8601 katika toleo la 2004, lakini bado inaishi katika gMonthDay, aina ya tarehe ya XML Schema (kiwango cha kueleza muundo wa data), na vCard ya RFC 6350, muundo wa kadi za mawasiliano, huiandika --0317 kwa siku za kuzaliwa. Data za CDISC huandika 2019---17 pale mwezi unapokosekana katikati. ISO 8601-2 ya 2019 ina 2019-XX kwa mwezi usiojulikana, na 2019~ kwa mwaka wa kukadiria, ambao ni jambo tofauti kabisa na mwaka usio na mwezi. Si lazima maktaba yenu isome yote haya. Ni lazima iseme.

Sasa mifano yenyewe, kwa sababu humo ndimo mwongozo unapojengwa au kubomoka. Usitumie 2020-01-01 kama mfano wa tarehe kamili, wala siku yoyote ya kwanza ya mwezi. Msomaji hawezi kuitofautisha na iliyojazwa. Chagua siku iliyozidi 12, kama 17 au 23, ili siku na mwezi visichanganywe. Usiweke mfano unaotegemea tarehe ya leo, isipokuwa unapotaka kuonyesha hatari hiyo hasa. Weka maingizo yanayoshindwa pamoja na yanayofaulu, katika mfano ule ule: 2019-02-30, nafasi tupu, neno "haijulikani", mwezi wa 13. Msomaji hujifunza zaidi kwenye mpaka kuliko katikati.

Na weka 29 Februari bila mwaka. Katika Python, strptime hujaza 1900 mwaka unapokosekana, na 1900 haukuwa mwaka mrefu, kwa hiyo mtu aliyezaliwa 29 Februari anapata kosa huku wenzake wote wakipita. Kuanzia Python 3.13 kusoma siku ya mwezi bila mwaka kwa njia hiyo kunatoa onyo kwamba matumizi hayo yanaachwa. Kama maktaba yenu inategemea strptime ndani yake, tatizo hilo ni lenu pia.

Mifano iendeshwe kama majaribio. Python ina doctest, zana ya kuendesha mifano iliyo kwenye maelezo; lugha ya Rust huendesha mifano ya mwongozo kupitia cargo test, na ukaguzi wa vifurushi vya R huendesha mifano yote ya kurasa za msaada. Kuendesha tu hakutoshi. Linganisha tokeo na lililoandikwa. Siku mtakapobadilisha kanuni ya kujaza, mwongozo ukatae kupita mpaka urekebishwe.

Ujumbe wa kosa pia ni sehemu ya mwongozo, na ndio unaosomwa na watu wengi zaidi. "Muundo si sahihi" haumsaidii mtu. Andika: "2019-03 haina siku. Tumia kipindi() kupata mwanzo na mwisho wake, au jaza() ukichagua kanuni ya kujaza." Sentensi mbili hizo zinafundisha njia mbili za kuendelea, pale pale mtu alipokwama.

Ukitafuta kielelezo cha uwazi, soma maelezo ya MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, kuhusu tarehe zenye sifuri, kama 2019-03-00. Yanasema zinafaa wapi, kwa mfano siku za kuzaliwa zisizojulikana kikamilifu, na hapo hapo yanasema usitegemee majibu sahihi kutoka DATE_ADD au DATE_SUB, fankisheni za kuongeza na kupunguza muda kwenye tarehe. Faida na gharama ziko sehemu moja. Binafsi nisingependekeza kuhifadhi tarehe kwa sifuri, na tangu toleo la 5.7 mipangilio ya kawaida ya MySQL inazikataa, lakini namna ya kueleza ni ya kuigwa.

Wapo watumiaji ambao tayari wana data iliyojazwa kwa mfano wenu wa zamani. Waandikie ukurasa mfupi, mbali na orodha ya mabadiliko ya toleo. Waambie wahesabu ni sehemu gani ya tarehe zao inaangukia siku ya kwanza ya mwezi. Mwaka una siku 12 za aina hiyo kati ya 365, kwa hiyo kwa matukio yanayotokea siku yoyote mtu angetarajia karibu asilimia 3.3. Safu yenye asilimia 20 ina uwezekano mkubwa wa kuwa imejazwa, na 1 Januari ihesabiwe peke yake kwa sababu hiyo hiyo. Kuna data ambazo siku ya kwanza ni ya kweli, kama mikataba inayoanza mwanzo wa mwezi, hivyo hesabu hiyo ni dalili ya kuchunguza. Kama maandishi ya awali bado yapo, wayasome upya kutoka huko. Kama hayapo, waongeze safu inayosema tarehe hizo hazijathibitishwa, na wasiziondoe.